Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya filamu zetu za zamani: tuonyesheni orodha

Tanga

Kwa Waheshimiwa wote mliokabidhiwa filamu za Taifa: mnaosimamia sera ya utamaduni, mnaopanga bajeti, na mnaoshika funguo za stoo.

Waheshimiwa,

YAH: FILAMU ZA ZAMANI ZA TANZANIA KUOZEA STOO BILA KUORODHESHWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani baada ya njia ya faragha kugonga mwamba. Barua zetu zilipokelewa, zikagongwa mihuri, zikaingia kwenye mafaili. Ofisi moja ilituelekeza kwa nyingine, na hiyo nyingine ikaturudisha kule tulikotoka. Sina ugomvi na mtu binafsi. Tulikaribishwa vizuri na kusikilizwa kwa adabu. Lakini swali letu halijajibiwa hadi leo, nalo ni fupi: nchi hii bado ina filamu zipi za zamani, ziko wapi, na ziko katika hali gani?

Sisi ni wapenzi wa sinema wa hapa Tanga. Jioni tunatundika shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta ndogo na kuonyesha filamu za zamani kwa yeyote anayekuja. Na watu wanakuja. Mji huu ulikuwa na majumba ya sinema ya Majestic, Novelty na Regal, na wazee wa Ngamiani na Chumbageni bado wanakumbuka walikokuwa wakikaa na nani alitolewa nje kwa kuingia bila tiketi. Wakitaka Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, tunaipata kabla chai haijapoa. Wakitaka filamu za karate, vilevile. Wakiomba Muhogo Mchungu, tunabaki kutazamana. Mzee mmoja alituuliza, bila hasira yoyote, kama kweli hata ile ya Kawawa hatuna. Hapo ndipo tulipoanza kuandika barua.

Kwa vijana wasioijua, Muhogo Mchungu ilipigwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kama kumi baadaye, Januari 1962, kijana huyo akawa Waziri Mkuu. Ni mataifa mangapi duniani yanaweza kusema kwamba Waziri Mkuu wao alikuwa nyota wa sinema kwa lugha ya nchi yake kabla hata ya uhuru? Filamu hiyo ilipaswa kuonyeshwa kila mwaka, shuleni na kwenye televisheni. Mwananchi wa kawaida hajui hata mlango wa kubisha ili aione.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Filamu za wakoloni zina orodha, za kwetu hazina.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, kule milimani Usambara, si mbali na hapa nilipo, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani, na wasimamizi walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu 35 za milimita 16, sauti wakaiweka kwenye santuri, wakawa wanazunguka na kuzionyesha vijijini. Tatu zinajulikana kuwa zimebaki, nazo ziko Uingereza. Moja inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Habari zake nilizisoma hapahapa Tanga, kwa simu yangu, kwenye katalogi ya filamu za kikoloni ambayo Waingereza wameiweka wazi kwa dunia nzima, yenye majina zaidi ya 6,000.

Filamu zile ziliwatazama babu zetu kama watoto wa kufundishwa kila kitu, na sizitetei. Ninachosema ni kwamba aliyetutawala anajua alichonacho na yuko tayari kumwambia mtu yeyote.

Sasa tugeukie za kwetu. Tanzania Film Company ilianzishwa mwaka 1968 kama shirika la umma. Ikaagiza filamu, ikasambaza, ikatengeneza. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha Yombayomba, mkulima maskini anayekwenda mjini kutafuta maisha, mji ukamshinda, akaishia kuona mwanga katika kijiji cha ujamaa. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, filamu ya dakika 36 hivi inayoingia katika suala ambalo kila familia ya Kitanzania inalijua: mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mganga? Mwaka huohuo Martin Mhando akatoa Yomba Yomba, na mwaka uliofuata, pamoja na Mnorwe Sigve Endresen, akatoa Mama Tumaini. Hizo ni zile ambazo majina yake yameandikwa vitabuni. Kuna filamu za habari, za kilimo, za afya, za elimu ya watu wazima, za sherehe za Taifa, zilizopigwa na watumishi wa umma kwa kodi za wazazi wetu. Ngapi? Kila tulipouliza, tuliambiwa zipo. Kwamba zipo sina shaka. Wahenga walikwishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ndilo ninalolihofia zaidi ya moto na mafuriko: filamu ikifa leo, hakuna atakayejua kwamba imekufa, kwa kuwa haikuandikwa popote kwamba ilikuwa hai.

2. Mkanda wa filamu hausubiri mchakato.

Nimeshika kwa mikono yangu kopo la filamu lililokaa vibaya. Sitasema lilikuwa wapi, kwa kuwa aliyenionyesha alifanya hivyo kwa uchungu wa mali ya Taifa na sitaki apate matatizo. Ni kopo la bati, pana kama sinia, limeota kutu ukingoni kote. Juu lina kipande cha plasta nyeupe, na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino limefifia hata halisomeki. Kifuniko kilipofunguka ilitoka harufu ya siki, kali, ya kupalia. Mkanda ulikuwa umejikunja na kufanya mawimbi, mizunguko ya ndani imegandana, na katikati kulikuwa na unga mweupe. Yule ndugu alijaribu kuvuta ncha ya mkanda taratibu kwa vidole viwili. Ikakatika.

Harufu ile ina maana. Mikanda mingi ya enzi hizo imetengenezwa kwa selulosi asetati. Joto na unyevu vinaivunja, inatoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo nayo inaharakisha kuoza. Mvuke wake unaambukiza makopo ya jirani, kwa hiyo kopo moja bovu likiachwa katikati ya mazima linayaharibu yote. Wataalamu wa hifadhi wanakadiria kwamba mkanda mpya wa asetati ukikaa kwenye joto la nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, utaanza kuoza baada ya miaka 40 hadi 50 hivi. Waheshimiwa, nani kati yenu ana stoo ya nyuzi 21 Dar es Salaam mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika? Filamu za katikati ya miaka ya 1970 zimeshatimiza miaka 50 au zinakaribia, na zimeishi kwenye joto la pwani. Zile za rangi zina shida ya ziada: rangi ya kijani na ya bluu hupauka kwanza, picha nzima ikabaki nyekundu nyekundu.

Hakuna dawa ya kuurudisha mkanda ulioanza kuoza. Unachoweza ni kuupunguzia kasi kwa baridi na ukavu, na kuunakili kabla haujafika mwisho. Kila mwaka mnaotuambia tusubiri una gharama yake, na gharama hiyo inalipwa kwa picha.

3. Wanaojua nani ni nani kwenye picha wanatutoka.

Mzee Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Hatuwezi tena kumkalisha mbele ya filamu yake akatuambia huyu aliyesimama nyuma ni nani na mtaa huu ni upi. Lakini bado wapo waliobeba kamera, waliokata mikanda, walioendesha magari ya sinema hadi vijiji visivyo na umeme, wakaonyesha filamu watu wakiwa wamekaa chini kwenye uwanja wa shule. Mmoja wao huja kwenye maonyesho yetu. Ukimwonyesha dakika mbili za filamu ya zamani anakutajia aina ya kamera, mwezi wa mavuno na jina la dereva. Mkichelewa miaka mitano zaidi, mtaokoa picha zisizo na mtu wa kuzieleza.

4. Kaseti nazo zinakwenda.

Msidhani tatizo ni la mikanda ya zamani tu. Kizazi cha Bongo Movie kilianzia kwenye video: Girlfriend ya mwaka 2003 na nyingi zilizoifuata ziliuzwa kwa kaseti, kisha kwa diski, mtaani. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS kiliacha kazi hiyo mwaka 2016. Hata kaseti ikiwa nzima, deki ya kuichezea itakuwa adimu kuliko kaseti yenyewe. Na za mashirika ya utangazaji, zilizorekodiwa kwenye kaseti kubwa za kitaalamu, hali ni ngumu zaidi, maana mashine zake hazikuwahi kuwa majumbani mwa watu.

5. Tunategemea hisani ya wageni kuiona nchi yetu.

Nakala ya Arusi ya Mariamu niliyoiona mimi ilitoka ng'ambo. Nilikaa mwaka huu nikamwona Profesa Amandina Lihamba katika Maangamizi, iliyoongozwa na Mhando na Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar katika kundi la filamu za lugha ya kigeni, mwaka 2001. Anacheza Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Uso wake unabeba filamu nzima. Vijana niliokaa nao walinyamaza kimya hadi mwisho, na mmoja akauliza kwa nini hakuwahi kuisikia wakati amesoma sanaa hadi kidato cha sita. Nilishindwa kumjibu. Ilibidi filamu ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ipelekwe Oscar ndipo watu waulize kama kulikuwa na ya kwanza.

Waheshimiwa, najua majibu yanayoweza kuja, kwa kuwa mengine tumeshapewa.

Mtasema fedha hakuna. Kusafisha na kunakili filamu kwa kiwango cha juu ni ghali, nakubali. Kuandika orodha si ghali. Inahitaji watu wawili makini, glavu, meza safi, daftari, na ruhusa ya kufungua mlango wa stoo. Na fedha za kunakili zinapatikana kwa mwenye orodha. Mwaka 2017 ulizinduliwa mpango wa urithi wa filamu za Afrika, wa Film Foundation ya Martin Scorsese, mwongozaji filamu wa Marekani, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika FEPACI, na UNESCO, ukilenga filamu 50 za bara hili. Soleil Ô ya Med Hondo, wa Mauritania, imerudishiwa uhai kwa njia hiyo. Mtu hawezi kuombea msaada filamu ambayo hajui kama anayo.

Tena tazameni Guinea-Bissau, nchi ndogo na maskini kuliko yetu. Mwaka 1967 Amílcar Cabral, kiongozi wa vita vyao vya ukombozi, alituma vijana wanne Cuba wakasomee sinema: Flora Gomes, Sana na N'Hada, Josefina Crato na José Bolama Cobumba. Walirudi wakapiga filamu za vita vya ukombozi na miaka ya mwanzo ya uhuru. Vita vya mwaka 1998 na 1999 viliharibu sehemu kubwa ya mikanda hiyo, na iliyobaki ikawa inanuka siki. Hawakungoja wawe na mkanda kamili hata mmoja. Waliobaki hai, pamoja na mtengeneza filamu Filipa César na taasisi ya filamu ya Arsenal ya Berlin, walinakili kilichokuwapo mwaka 2012, kisha wakazirudisha picha nyumbani na kuzionyesha kwa wananchi, nyingine zikiwa vipande vipande, nyingine hazina sauti, na wao wenyewe wakisimama pembeni ya turubai kueleza. Wale walitoka vitani. Sisi tuna amani na tuna wataalamu.

Mtasema kuna hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za watu, na sisi tunataka ziendelee kulindwa. Lakini kuandika jina la filamu, mwaka wake na hali ya mkanda wake hakumpori mtu haki yoyote. Tena orodha ndiyo itakayowawezesha wasanii wazee na familia zao kujitokeza kudai haki zao, maana leo hata wao hawajui kazi zao ziko wapi.

Mtasema, na hili niliambiwa kwa sauti ya chini, kwamba filamu nyingi zilikuwa za propaganda, ama za mkoloni ama za siasa ya ujamaa, na hazina maana tena. Hapa nitasimama kidogo. Filamu iliyopigwa kuhimiza vijiji vya ujamaa ilikusudia kutufundisha jambo moja, lakini kamera haichagui kama anavyochagua mwandishi wa hotuba. Nyuma ya mzungumzaji kuna akina mama waliofunga vitenge kwa namna ya siku zile, kuna basi, kuna kibao cha duka chenye bei ya sukari, kuna mtoto anayecheka mahali pasipotakiwa kucheka. Kuna Kiswahili cha watu wa kawaida kilivyosemwa kabla ya televisheni kuingia kila nyumba. Mwanahistoria, mshonaji, mwalimu wa lugha na mjukuu anayemtafuta bibi yake, kila mmoja atakuta chake. Aliyetaka kutushawishi ameshaondoka. Watu aliowapiga picha bado wapo kwenye mkanda. Kama filamu ilidanganya, basi tuioneshe na tuseme wapi ilidanganya. Hatuwezi kubishana na unga mweupe ndani ya kopo.

Mtasema vijana hawazitaki. Njooni Tanga jioni moja.

Na mtasema suala liko kwenye mchakato. Tafadhali tuambieni mchakato huo uko chini ya nani, ulianza lini, na utaisha lini.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Orodha ya wazi ya filamu na kaseti zote za zamani zilizo mikononi mwa umma, Bara na Zanzibar, ikionyesha jina, mwaka kama unajulikana, aina ya mkanda, idadi ya makopo, mahali yalipo na hali yake. Yasiyotambulika yaandikwe hivyohivyo, hayajatambulika, na wananchi waalikwe kusaidia.

(b) Makopo yanayonuka siki yatenganishwe na mazima mara moja, na yapimwe kwa vikaratasi vinavyobadilika kutoka bluu kwenda kijani hadi njano kadiri asidi inavyozidi. Ni vifaa vya bei ndogo.

(c) Mikanda iondolewe kwenye joto la pwani. Serikali imeshahamia Dodoma, na hewa ya Dodoma ni kavu. Chumba kimoja chenye viyoyozi na jenereta huko kitaokoa zaidi kuliko semina yoyote ya hifadhi itakayofanyika hotelini Dar es Salaam.

(d) Wazee waliofanya kazi Tanzania Film Company, maabara za filamu na magari ya sinema warekodiwe sauti na picha, kwa malipo ya heshima.

(e) Waliohifadhi nakala zetu nje ya nchi waandikiwe rasmi, waombwe nakala za kidijitali, na nakala hizo ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Songea au Kigoma anaweza kuzitazama bila kuomba kibali cha mtu.

La kwanza ndilo la haraka, na ndilo lisilo na kisingizio. Tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Picha na Sauti, iliyowekwa kukumbuka siku ambayo UNESCO, mwaka 1980, ilipitisha mjini Belgrade pendekezo la kuhifadhi filamu. Tunaomba orodha ya kwanza itoke ifikapo tarehe hiyo mwaka huu, hata ikiwa na mapengo.

Isipotoka, tutaanza kuandika ya kwetu, kutokana na vitabu, mabango ya zamani, kumbukumbu za wazee na katalogi za nje, na tutaitangaza ikiwa na safu moja tupu mbele ya kila jina: safu ya mahali ilipo. Kuijaza safu hiyo ni kazi yenu, na tuko tayari kuja kuwasaidia kubeba makopo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi, kwa niaba ya wapenzi wa sinema,
Tanga